Mtaa si ushahidi



Kila kisu kinapochomolewa Ilford Lane au Gants Hill, mazungumzo yetu huwa ni yale yale. Iwe msibani, harusini, au kwenye simu na jamaa wa Tanga na Mombasa: "Wafungwe hao! Nchi hii inawadekeza watoto." Na hakosekani mzee wa kumalizia, "Samaki mkunje angali mbichi." Wote huitikia. Mimi siitikii, na leo nataka kueleza kwa nini.

Sisemi kwamba hofu hii ni ya uongo. Januari 2019 mvulana wa miaka 14 aliuawa Leyton, si mbali na hapa. Aprili 2024 mwingine wa umri huo huo aliuawa kwa upanga Hainault, ndani ya wilaya yetu ya Redbridge, na muuaji wake alikuwa mtu mzima. Mzazi anayesikia hayo lazima aogope. Ninachopinga ni kuipa hofu kiti cha hakimu.

Tazameni hofu ilivyotunga sheria ya nchi hii. Februari 1993, karibu na Liverpool, watoto wawili wa miaka 10 walimuua mtoto mdogo, James Bulger. Taifa lilitetemeka, na lilikuwa na kila sababu. Watoto wale wakahukumiwa katika mahakama ya watu wazima. Mwaka 1998 Bunge likafuta kinga ya kale iliyomlazimu mwendesha mashtaka kuthibitisha kwamba mtoto wa miaka 10 hadi 13 alijua kweli kuwa atendalo ni kosa kubwa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema watoto wale wawili hawakupata kesi ya haki, lakini kinga ilikuwa imekwisha kuondoka. Hadi leo Uingereza inamshtaki mtoto wa miaka 10. Kenya, tuliyozoea kuisema kwa ukali wake, ilipandisha umri huo kutoka 8 hadi 12 mwaka 2022. Sasa niambieni, ni nani anayewadekeza watoto?

Baada ya umri, njooni kwenye mtaa. Kifungu cha 60 cha sheria ya mwaka 1994 kinamruhusu afisa wa polisi kutangaza eneo, na kwa saa kadhaa mtu yeyote ndani yake anaweza kusimamishwa na kupekuliwa bila kushukiwa lolote. Mimi ni mhandisi. Kipimo kinachopiga kelele kwa kila kinachopita mbele yake tunakitupa, kwa sababu hakituambii kitu. Hapa kosa la kijana ni kuwa ametoka dukani saa ile, katika mtaa ule.

Kisha orodha. Baada ya ghasia za 2011, polisi wa London walianzisha daftari la watu waliodhaniwa kuwa wa magenge. Mwaka 2018 Amnesty International ilionyesha kuwa asilimia 78 ya waliomo walikuwa weusi. Kwa jirani zetu wa Newham, orodha yenye majina 203 ilivuja mwaka 2017 ikafika mikononi mwa magenge yenyewe, na halmashauri ikapigwa faini ya pauni 145,000. Daftari lilifungwa mwaka 2024. Miaka 12! Hesabuni ni vijana wangapi walikua wakiwa ndani yake.

Na wanaopiga kelele za "wafungwe", wakumbuke Zahid Mubarek wa Walthamstow, miaka 19, aliyefungwa Feltham kwa makosa madogo. Machi 2000, saa chache kabla ya kuachiliwa, alipigwa na mfungwa mbaguzi waliyewekwa naye chumba kimoja, akafa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nakubali samaki akunjwe angali mbichi. Lakini kukunja ni kazi ya mkono ulio karibu, na kuvunja si kukunja. Basi tufanye nini?

Kwanza, kila mzazi amfundishe mwanawe kwamba akikamatwa kabla ya miaka 18 ana haki ya wakili bila malipo na ya mtu mzima wa kusimama naye, na asihojiwe bila wao.

Pili, tangu 2002 mtoto anayekiri kosa kwa mara ya kwanza mara nyingi hupelekwa mbele ya jopo linalopanga naye jinsi ya kulipa alichoharibu. Wajumbe wake wawili ni wakazi wa kawaida waliojitolea. Walimu wastaafu tunao, wauguzi tunao, mashekhe na wachungaji tunao. Wangapi wetu wameomba kukaa pale?

Tatu, tukienda kwenye mikutano ya halmashauri tusidai polisi peke yake. Tudai pia vituo vya vijana, na tuulize watoto wanaofukuzwa shule wanaenda wapi, maana magenge yanajua jibu kabla yetu.

Anayesimamishwa Ilford Lane usiku huu huenda ni mtoto wa mmoja wetu. Naomba kuwasilisha.