Diski saba, na sijui ipi inasema kweli

Wikendi iliyopita nilimwaga diski zangu zote mezani hapa Kesses nikazihesabu. Saba! Kongwe kabisa ni ya GB 80, ile ya waya mpana wa IDE, na mpya ni ya TB 2. Ndani mna folda zinazoitwa "nakala", "nakala mpya", "nakala mpya kabisa", na moja "USIFUTE" ambayo mpaka leo sijui kwa nini isifutwe.

Kila diski ikizeeka watu huniambia ninunue nyingine. Nakataa. Kinachokosekana si diski, ni daftari la kujua faili ipi ni nzima.

Mwaka 2016 nilimrekodi babu akisimulia ukoo wetu, dakika 40, faili ya WAV. Ilikuwa kwenye diski tatu. Baadaye nafasi ikaniishia, nikaandika skripti ya kufuta marudio: jina sawa, ukubwa sawa, futa. (Ndiyo, nina digrii ya kompyuta. Chekeni tu.) Ikabaki nakala moja. Juzi nimeifungua: dakika ya 11, pale pale anapoanza kutaja majina ya ndugu zake, kimya. Sauti inarudi dakika ya 14.

Diski ile niliwahi kuiokoa kwa ddrescue. Sehemu isizoweza kusoma, programu hiyo huziruka, na kwenye diski mpya pakabaki sifuri tupu. Kwa hiyo ukubwa wa faili haukubadilika hata baiti moja. Nakala mbili nilizofuta huenda zilikuwa nzima. Babu hayupo tena wa kumuuliza.

Hata rsync, ambayo naipenda sana, kwa kawaida hulinganisha ukubwa na tarehe tu. Ukitaka isome yaliyomo lazima uiongezee -c. Siku hizi napitisha sha256sum kwenye kila diski na kuweka matokeo yote katika faili moja ya maandishi. Alama zikitofautiana, sifuti chochote mpaka nifungue faili zote mbili kwa macho yangu. Diski ya TB 2 huchukua karibu saa sita, kwa hiyo iache usiku, ila iwe kwenye laptopu yenye betri nzima. Tunakumbuka 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima.

Halafu tazama smartctl, mstari wa 5 na wa 197. Namba za mwisho zikianza kupanda, hamisha vitu kwanza, maswali baadaye.

Wa Nairobi wataniambia niweke mtandaoni. Sawa, nipigieni hesabu: GB 600 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni siku 11 bila kupumzika, na bando nani analipa? Mimi napandisha yale machache yasiyopatikana tena. Filamu zikifa, zife.

Bado diski nne. Ile ya IDE nimeiazimia adapta, inaunguruma kama posho mill lakini inasoma. Ni ya kabla ya 2016, kwa hiyo babu hayumo, nimeshaangalia mara mbili.