Helikopta za Jeshi na Bunduki za Njia ya Misafara



Siku za kampeni za uchaguzi kila mtoto wa kijijini huijua helikopta. Huusikia mlio wake toka mbali, huwaacha mbuzi katika mihogo ya watu, hukimbilia uwanja wa mpira. Na vumbi likiisha kutulia, mama hutoka kuzitafuta nguo alizoanika. Lakini leo sisemi juu ya helikopta za kampeni. Nataka tuongee juu ya zile za jeshi: nchi ndogo isiyo na fedha nyingi huzichaguaje, na nani hulipa ikichagua vibaya. Msidhani kwamba haya ni mambo ya wakubwa peke yao. Fedha ya kuzinunulia hutoka katika kodi ya sukari na ya mafuta ya taa, na wanaopanda ndani yake ni vijana waliozaliwa katika nyumba kama zetu.

Kwanza tuifahamu mashine yenyewe. Ndege ya kawaida hubebwa na mabawa yake ikiwa katika mwendo, kwa hiyo yataka uwanja mrefu. Helikopta hubebwa na mapanga yanayozunguka juu yake. Huweza kupanda wima, kusimama hewani, na kutua mahali padogo kama kiwanja cha shule. Mwezi wa Machi 2019, tufani iitwayo Idai ilipoipiga Msumbiji, watu walitolewa kwa helikopta juu ya mapaa na juu ya miti karibu na Beira, mahali ambapo gari wala ndege nyingine isingefika. Faida ndiyo hiyo. Lakini kitu kinachozunguka huchakaa. Kila panga, kila injini, kila sanduku la gia limepewa idadi ya saa zake. Saa zikiisha, lazima kifaa kifunguliwe na kutengenezwa upya au kitupwe, hata kama kwa macho chang'aa. Rangi mpya haiongezi saa hata moja. Helikopta kuukuu iliyopakwa rangi yaweza kumdanganya waziri, lakini haimdanganyi fundi mwenye kitabu chake mkononi.

Sisi wa Tabora hatuna sababu ya kulistaajabia jambo hilo. Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yaliziacha bunduki za kujazwa mdomoni, yakachukua za kujazwa nyuma. Je, zile za zamani zilitupwa? Hata kidogo. Ziliuzwa Afrika. Zilifika Unguja, zikavushwa mpaka Bagamoyo, zikapanda mabegani mwa wapagazi kupita Ugogo mpaka Unyanyembe, na hapa zikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Hizo ndizo gobori walizozijua babu zetu. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora tangu mwaka wa 1871 akaifunga njia ya Ujiji, alikuwa nazo, na Waarabu nao walikuwa nazo.

Mhunzi wa Kinyamwezi aliweza kuitengeneza gobori iliyoharibika, na risasi za chuma aliweza kuzifua mwenyewe. Baruti lakini ilitoka pwani. Bunduki bila baruti ni rungu, tena rungu baya. Basi aliyeishika njia ya baruti aliushika na mkono wa mwenye bunduki. Wageni wanaokwenda kulitazama tembe la Kwihara, walikokaa Stanley na Livingstone mwaka wa 1872, huuliza habari za Livingstone. Sijamsikia hata mmoja aliyeuliza habari za baruti, wala sijui kwa nini hawaulizi, maana humo ndimo ilimokuwa siasa yote.

Hapa Tabora njia iligawanyika. Moja ilikwenda Ujiji, nyingine ilielekea kaskazini kwa Karagwe mpaka Buganda. Haya, tuifuate hiyo ya kaskazini, maana Uganda ndiko yalikotokea mambo ninayotaka kuwaambieni.

Katika miaka ya 1990 serikali ya Uganda ilikuwa vitani huko kaskazini na waasi wa Joseph Kony. Vita hivyo havikuwa vya magazetini tu. Mwezi wa Oktoba 1996 waasi waliingia usiku katika shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, wakachukua wasichana 139. Sista Rachele Fassera, naibu wa mkuu wa shule, alitoka na mwalimu mmoja, wakaufuata mkondo wa waasi porini kwa miguu mpaka wakawakuta. Akawaomba. Wakampa wasichana 109 arudi nao, wakabaki na 30.

Basi jeshi likaamua kununua helikopta za vita. Zilichaguliwa nne za Kirusi, aina ya Mi-24, zitoke Belarus, kwa bei iliyozidi dola za Marekani milioni 12. Aina yenyewe haikuwa mbaya. Mi-24 ni mashine nzito yenye nguvu, na nchi nyingi zimeitumia. Ubaya ulikuwa katika zile zenyewe. Mwaka wa 1998 zilifika mbili. Mafundi walipozifungua, waliziona hazifai kuruka: matengenezo makubwa yaliyoahidiwa katika mkataba hayakufanywa. Na sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imekwisha lipwa! Wananchi wa Uganda waliuziwa mbuzi ndani ya gunia, na aliyelifunga gunia alikuwa amekwisha ondoka na fedha yake.

Mwaka wa 2001 iliundwa tume ya kuchunguza, chini ya Jaji Julia Sebutinde, mama ambaye baadaye alichaguliwa kuwa jaji katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Mbele ya tume ilijulikana kwamba Jenerali Salim Saleh, ndugu yake Rais Museveni, aliahidiwa kamisheni ya dola 800,000 katika biashara hiyo, mwenyewe alikiri. Hakuna mkubwa aliyefungwa.

Sisemi kwamba helikopta nzima zingewaokoa wale wasichana 30. Mtu asiseme asiyoweza kuyajua. Lakini wazazi wao walikuwa walipa kodi kama wazazi wengine, na mwaka ule zilipofika zile mbili zisizoruka, wengi wa wasichana hao walikuwa bado porini.

Uganda ilipata helikopta nyingine baadaye, zikaruka. Tarehe 12 Agosti 2012 ilipeleka nne Somalia, tatu za Mi-24 na moja ya Mi-17, kwa njia ya Kenya. Ile Mi-17 ilifika Garissa salama. Tatu zote za Mi-24 zilianguka katika Mlima Kenya. Watu saba walikufa, wengine waliokolewa mlimani. Mlima ule una urefu wa mita 5,199, na Mi-24 hufikia kama mita 4,500 tu, ndipo hewa inapokuwa nyepesi mno kwa mapanga yake. Hivyo mashine nzima nayo ina mpaka wake, na mpaka huo lazima upimwe na milima ya mahali itakakotumika, wala si na picha za maonyesho.

Hata sisi Tanzania tuliwahi kuionja habari ya baruti ya pwani. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, Ujerumani ya Magharibi ilianza kutufundishia wanahewa. Mwezi wa Februari 1965, kwa sababu ya ugomvi juu ya Ujerumani ya Mashariki kuwa na ofisi Dar es Salaam, ikawaondoa walimu wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere hakukubali kuchaguliwa marafiki. Kanada ikashika mahali pale, ikafundisha mpaka 1970, na ndege zake za Otter na Caribou zilitufaa kuliko nyingi za fahari, kwa kuwa ziliundwa ziweze kutua penye viwanja vifupi na vibovu.

Na jirani zetu wa Kenya? Mwaka wa 2017 serikali ya Marekani ilitangaza bei iliyokadiriwa ya kuwauzia helikopta 12 za MD 530F: dola milioni 253. Ukigawanya, kila moja yazidi milioni 21, na mtu atasema ni wizi, maana ni helikopta ndogo yenye injini moja. Lakini ndani ya hesabu hiyo zimo bunduki, roketi, vipuri, vyombo vya mafundi, na mafunzo ya marubani na ya mafundi wenyewe. Tena Kenya ilikuwa na Hughes 500, za ukoo ule ule, tangu mwaka wa 1980 hivi. Sita za MD 530F zilipokelewa Januari 2020, na fundi aliyezeeka na zile Hughes hakuwa na haja ya kuanza tena na a-be-che.