Utafiti wa Nyanda Kame Uwajibike kwa Wenyeji

Mnamo mwaka wa 2006, wafugaji wa jamii ya Ilchamus kutoka Baringo waliishtaki serikali, na miongoni mwa ushahidi walioufikisha mahakamani alikuwemo mbuzi asiye na meno. Wengi waliosoma habari hiyo magazetini walicheka. Hapakuwa na la kuchekesha. Mbuzi huyo alikuwa amepoteza meno kwa kula maganda matamu ya mti uitwao mathenge, ambayo sukari yake hunata katika meno ya mifugo na kuyaozesha. Na mnyama asiye na meno hufa njaa hata akisimama katikati ya malisho. Wafugaji wale hawakuwa wakiulalamikia mti uliojiotea. Walikuwa wakilalamikia mti ulioletwa, ukapandwa na kusifiwa, na waliouleta walikuwa wataalamu.

Asili ya mathenge ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Hapa kwetu rekodi za mapema zaidi ni za mwaka wa 1973, ambapo mbegu kutoka Brazil na Hawaii zilipandwa katika machimbo ya mawe karibu na Mombasa ili kuirudishia ardhi ile uhai. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti huo ulipelekwa Baringo kupitia mradi wa kupanda miti ya kuni, mradi uliosaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Nia ilikuwa njema, na lazima tuseme hivyo bila kinyongo. Ukame wa miaka ya 1970 ulikuwa umeiacha ardhi tupu, udongo ukipeperushwa na upepo na kina mama wakitembea mwendo mrefu kutafuta kuni. Mti unaostahimili jua kali, wenye mizizi inayozama mbali kufuata maji, unaotoa kuni na makaa na ambao maganda yake huliwa na mifugo, ulionekana kuwa jawabu la kila swali.

Lakini swali moja halikupewa uzito uliostahili: mbuzi akila maganda hayo, mbegu zitakwenda wapi? Mchungaji yeyote wa miaka kumi angeweza kulijibu. Mbegu hupita tumboni bila kudhurika, zikaangushwa pamoja na kinyesi kando ya mito na visima, mahali penye unyevu ambapo ndipo penye malisho bora wakati wa kiangazi. Miaka ishirini na mitano haikupita kabla ya mathenge kuziba njia za mifugo na kuyameza malisho, si Baringo tu bali hata Turkana, Garissa na Tana River. Mwaka wa 2008 serikali ikautangaza rasmi kuwa gugu hatari.

Kisa hiki kinastahili kukumbukwa kila tunapohimizwa kufurahia ushirikiano wa kimataifa wa kisayansi katika maeneo kame na nusu-kame. Mwandishi wa makala hii haupingi ushirikiano huo. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu-kame, na hakuna taifa liwezalo kuisoma ardhi kubwa kiasi hicho peke yake, wala mawingu hayaulizi pasi mpakani. Linalotusumbua ni jambo jingine. Mara nyingi swali la utafiti hutungwa mbali na mahali litakapojibiwa, na jawabu likiwa na kasoro, aliyelitoa huwa amekwisha kurudi kwao. Anayebaki na kasoro ni mfugaji.

Nairobi ina nafasi ya pekee katika historia hii. Kuanzia Agosti 29 hadi Septemba 9, 1977, mkutano mkuu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuenea kwa jangwa ulifanyika katika jiji letu, ukapitisha mpango wa kulikomesha tatizo hilo kufikia mwaka wa 2000. Wakati huo dunia nzima ilikuwa na hofu kuhusu Sahara. Mwaka wa 1975 mwanaikolojia Hugh Lamprey alikuwa amefanya uchunguzi nchini Sudan na kukadiria kwamba jangwa lilikuwa limesogea kusini kilomita 90 hadi 100 katika muda wa miaka 17. Takwimu hiyo ilishika mizizi, ikanukuliwa katika hotuba na ripoti za mashirika, na picha ya mchanga unaopiga hatua kama jeshi ikaingia katika vichwa vya watu pamoja na vitabu vya shule. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden walirudi Sudan wakitumia picha za setilaiti na ukaguzi wa ardhini, wala hawakuliona jeshi hilo. Walichokiona ni mimea inayorudi nyuma miaka ya ukame na kurejea mvua zinaponyesha. Hata hivyo, picha ya zamani bado imo katika insha za wanafunzi wetu. Walimu wa jiografia watakubaliana nami.

Lamprey huyo huyo aliongoza mradi mkubwa uliofanyika hapa kwetu. Mnamo 1976 UNESCO na shirika la mazingira la UNEP walianzisha utafiti wa maeneo kame huko Marsabit, ambao baadaye ulipata fedha za Ujerumani Magharibi na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1980. Ni haki kuutaja mradi huo kwa wema. Uliacha ramani, orodha za mimea, vipimo vya mvua na maelezo ya maisha ya Warendile na Wagabra ambayo hayajapata mfano. Isitoshe, ulibainisha jambo lililopingana na hofu ya wakati ule: uharibifu mkubwa wa ardhi ulikuwa umejikusanya kando ya vijiji na visima, mahali watu walipokuwa wametua kwa ajili ya chakula cha msaada, shule na usalama. Kwingineko, ambako mifugo ilizidi kuhamahama, ardhi ilikuwa na afya zaidi.

Watafiti wa Kimarekani waliofanya kazi Turkana Kusini katika miaka ya 1980 walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Katika makala yao ya mwaka wa 1988, James Ellis na David Swift walieleza kwamba katika nchi ambamo mvua haitabiriki, idadi ya mifugo hupunguzwa na ukame kabla haijafikia kiwango cha kuimaliza nyasi, na kwamba kuhama si ukosefu wa maarifa bali ndiyo mbinu yenyewe ya kuishi. Hoja hiyo ilitikisa taaluma nzima ya malisho duniani. Wazee wa Kiturkana, bila shaka, hawakutikisika. Walikuwa wakiyajua hayo kabla ya makala kuchapishwa, na kwa miaka mingi walikuwa wamehimizwa na maofisa wapunguze mifugo na watulie mahali pamoja.

Basi tujiulize: ujuzi huo uliovunwa Marsabit na Turkana uko wapi leo? Umo katika majarida ya kigeni yanayouzwa kwa bei ambayo maktaba ya shule ya upili haiwezi kuimudu, na katika ripoti za Kiingereza zilizopangwa kwenye rafu za Nairobi na Ulaya. Mwalimu anayefundisha ikolojia mjini Lodwar hutumia kitabu chenye mifano ya misitu ya mbali, ilhali mojawapo ya hoja zilizobadilisha elimu ya malisho duniani ilizaliwa mwendo wa siku moja kutoka darasani mwake. Wanafunzi wake hawaambiwi. Kijana wa huko akibahatika kushiriki katika utafiti, aghalabu hushiriki kama mkalimani au mjazaji wa fomu, na jina lake huishia katika shukrani za ukurasa wa mwanzo.

Kuna pia hatari ya kutangaza matokeo kabla hayajaiva. Mwezi wa Septemba 2013, UNESCO pamoja na serikali yetu walitangaza kwamba uchunguzi uliofadhiliwa na Japani, kwa kutumia picha za setilaiti na mawimbi ya rada, ulikuwa umegundua hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Turkana. Makadirio yalikuwa mita za ujazo bilioni 250, nyingi zikiwa katika bonde la Lotikipi. Habari zilienea duniani kote. Wengine walidai kiu ya Kenya imekwisha kwa miaka 70. Visima vilipochimbwa zaidi, maji ya Lotikipi yalionekana kuwa na chumvi kupita kiwango kifaacho kunywewa. Rada iliyaona maji, haikuyaonja. Tangazo lile lilisikika dunia nzima, ilhali habari ya chumvi haikusafiri mbali, na mama wa Lotikipi aliendelea kuchimba mchanga wa lagha kwa mikono kama alivyofanya mama yake.

Si kila mfano ni wa kusikitisha. Mnamo Januari 2010, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, yenye makao yake makuu Nairobi, pamoja na vyuo vikuu vya ng'ambo na makampuni ya humu nchini, walianzisha bima ya mifugo huko Marsabit. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Haiwezekani kwa kampuni kumtuma mtu akague kila ng'ombe aliyefia Chalbi; kwa hiyo setilaiti hupima ukijani wa ardhi, na ukishuka chini ya kiwango fulani, wote waliolipa bima katika eneo hilo hulipwa. Malipo ya kwanza yalitolewa Oktoba 2011. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, mwanauchumi Mkenya Andrew Mude, alitunukiwa tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa nyanjani mwaka wa 2016. Nao Waislamu wa Wajir walipohoji uhalali wa bima ya kawaida katika dini yao, uliundwa mpango wa takaful, ambao ulitoa malipo yake ya kwanza mwaka wa 2014.

Ninachokisifu zaidi katika kazi hiyo si setilaiti bali masikio. Hapo awali fidia ilitolewa baada ya hesabu kuonyesha kwamba mifugo imekufa kupita asilimia 15. Baadaye mpango ulibadilishwa ili fedha zitolewe mapema, malisho yanapoanza kupungua, mfugaji aweze kununua majani, maji na dawa mnyama akiwa bado amesimama. Serikali nayo ilianza kuwalipia bima wafugaji maskini wa Turkana na Wajir kuanzia mwaka wa 2015. Watafiti walikaa, wakaulizwa, wakabadilika. Hilo liliwezekana kwa sababu afisi yao iko hapa, na aliyekosa fidia alijua mlango wa kubisha.

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba kazi imekwisha. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini, na wengi wa waliofilisika hawakuwa na bima yoyote. Isitoshe, setilaiti huona ukijani lakini haijui ni ukijani wa nini. Mathenge hubaki na majani mabichi hata wakati nyasi zimekauka, na majani hayo mifugo haiyataki. Palipovamiwa na mti huo, jicho la angani linaweza kuona malisho mahali ambapo mfugaji anaona miiba. Kosa la kisayansi la miaka ya 1980 linaweza hivyo kuivuruga hesabu ya kisayansi ya leo.

Nitaambiwa kwamba mwenye kulipa mpiga zumari ndiye achaguaye wimbo, na kwamba watafiti wa nje huja na fedha zao. Ni kweli, na aibu ni yetu. Sheria ya sayansi ya mwaka wa 2013 ilikusudia hazina ya utafiti ipate asilimia 2 ya pato la taifa. Hatujafika karibu na hapo. Sheria hiyo hiyo inaipa tume ya taifa ya sayansi mamlaka ya kutoa vibali na kudai nakala ya ripoti. Kwa nini nakala hiyo ikae Nairobi peke yake? Kibali kingeweza kuweka sharti kwamba takwimu na muhtasari wa Kiswahili vikabidhiwe chuo kikuu au maktaba ya kaunti ulikofanyika utafiti. Garissa pana chuo kikuu, na Lodwar pana chuo kikuu kishiriki. Mkataba wa kimataifa wa kupambana na kuenea kwa jangwa, uliopitishwa Paris mwaka wa 1994, wenyewe unazitaka nchi zilinde na kutumia maarifa ya wenyeji. Sharti kama hilo halingekuwa uadui kwa mgeni yeyote.

Jambo lenyewe linarudi upesi kuliko tunavyodhani. Wapo wataalamu wanaopendekeza mathenge udhibitiwe kwa wadudu kutoka ulikotoka. Australia imemtumia nondo mdogo wa asili ya Argentina, ambaye hula majani ya mti huo, na katika baadhi ya maeneo umedhoofika sana. Huenda dawa hiyo ikatufaa. Mimi si mtaalamu wa wadudu. Lakini tangu mti huo uvamie, wako Baringo waliojifunza kuchoma makaa yake na kusaga maganda kuwa lishe ya mifugo, na hao watapata hasara mti ukinyauka. Wako pia wale ambao mbuzi wao wamebaki vibogoyo. Nondo hawezi kurudishwa kwenye chupa akishaachiliwa, kama mbegu za mwaka ule hazikuweza kurudishwa gunianı. Kabla ya kibali chochote kutiwa sahihi, baraza liitwe Marigat, wataalamu wa nchi zote husika waketi chini ya mti, waeleze kwa Kiswahili na Kiilchamus wanachokijua na wasichokijua, na iandikwe mapema ni nani atakayelipa ikiwa mdudu huyo ataonekana kwenye mmea mwingine.