Picha ya Jamaa

Rafiki yangu mmoja wa ofisini aliniuliza juma lililopita ni mahali gani hapa kisiwani Mombasa panapofaa kupigiwa picha ya jamaa nje ya nyumba, maana dada yake anarudi kutoka Muscat mwezi wa Machi, na watu wa nyumbani wote watakuwa pamoja kwa siku tisa tu. Nilimjibu kwamba swali hilo si la kwanza. Swali la kwanza ni nani katika jamaa yake aliye mzee kuliko wote, na ni saa ngapi ya siku ambapo magoti yake hayamsumbui. Alicheka akidhani namfanyia mzaha. Sikuwa nafanya mzaha, na sababu yake nitaieleza hapa, kwa kuwa naamini wako wasomaji wengi wanaokusudia jambo hilo hilo.

Marehemu baba yangu alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi. Alipofariki, miaka mitatu iliyopita, ilihitajika picha ya kuweka mbele ya jeneza na nyingine ya kutia katika tangazo. Nyumbani mwetu zilikuwamo simu nne zenye kamera, na ndani yake picha zisizohesabika. Tukaketi usiku ule, ndugu zangu na mimi, tukazipekua moja moja. Tuliona mikono ya baba imemshika mjukuu wake. Tuliona bega lake, goti lake, na nusu ya kofia yake. Kila mara sisi tulikuwa twampiga picha mtoto, na baba ndiye aliyempakata, nasi tukamkata kichwa bila kufikiri. Mwisho tulichukua kitambulisho chake, tukaenda kuikuza ile picha ndogo, ambayo ndani yake amebana midomo kama mtu aliyeshitakiwa. Na ilipokuzwa uso ukavunjikavunjika ukawa madoa. Huyo ndiye baba waliyemuona waombolezaji.

Basi mwezi wa Agosti uliopita nikasema mama yetu hatapatwa na hayo. Lakini nilikwenda kama mtu asiyejua neno. Siku ya Jumapili, tulipotoka kanisani, niliwachukua watu kumi na mmoja mpaka Barabara ya Mama Ngina, nao wamevaa nguo zao nzito za ibada na hawajala kitu. Ilikuwa saa sita na nusu. Jua lilikuwa utosini, kila jicho likawa shimo jeusi chini ya nyusi, na mashati meupe yakang'aa hata hayakuonekana vifungo. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kwa nguvu. Mkewe ndugu yangu alishika kitambaa chake kwa mikono miwili katika kila picha. Mtoto mdogo alilia. Mama alisimama nusu saa bila kusema lolote, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi narudi garini." Hatukupata picha hata moja ya kutundika, na kosa lilikuwa langu peke yangu.

Wazee wetu hawakupata taabu hizi, kwa sababu walikwenda studio. Studio ya Bwana N. V. Parekh ilijulikana mjini hapa tangu miaka ya 1940, na watu wa kila namna walikwenda kwake wamevaa vizuri, akawaketisha na kuwapangia taa mpaka nyuso zao zikatulia. Baadaye, katika miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni walikuwapo wapiga picha wenye vibanda vya mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na kijana aliyetoka bara aliweza kumpelekea mama yake picha amesimama mbele ya meli ambayo hajaikanyaga. Bi Heike Behrend, mtaalamu wa Kijerumani, amewaandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2013. Wengine waliyacheka mapazia yale. Mimi siyacheki, maana pale mzee aliketi juu ya kiti, kivulini, na hakuna upepo uliomvua kitambaa. Anayetaka picha ya nje yampasa atafute mahali penye mambo hayo hayo matatu, yaani kiti, kivuli na utulivu, ila bila paa.

Nikamwuliza mama saa yake njema. Akasema ni saa mbili asubuhi, akiisha kunywa chai, kabla miguu haijaanza kuvimba. Jibu hilo moja lilipanga mambo yote yaliyobaki. Barabara ya Mama Ngina inatazama kusini-mashariki, kwenye mlango wa bahari, na asubuhi jua hutoka upande ule ule wa bahari; kwa hiyo ukiwasimamisha watu na maji nyuma yao, nuru huwapiga kisogoni na nyuso huwa giza. Mahali pale ni pa jioni, kuanzia saa kumi na moja, jua linapokuwa limelegea upande wa bara. Sisemi ni pabaya. Pametengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, mibuyu mikubwa ingalipo, na pana viti. Mwenye wazee wanaopenda jioni na aende, lakini atazame mwezi kwanza. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi au saa kumi na moja jioni, na bahari hupendeza. Siku za maji mafu huwa kinyume, saa hizo hizo maji yamerudi na miamba iko wazi. Mvuvi yeyote atakuambia bila kutazama kitabu. Upepo nao una majira yake. Kusi huwa kali tangu Juni hata Agosti, na mwezi wa Machi, kabla ya masika, hewa hutulia zaidi, ingawa jua la adhuhuri mwezi huo hupita juu ya utosi kabisa. Kwa hiyo tangu saa nne hata saa tisa kamera na ikae mfukoni.

Wageni wengi hutaka zile pembe za ndovu za Moi Avenue, zilizosimamishwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara ya watu wa kifalme wa Uingereza. Picha moja ya kumbukumbu haina ubaya, lakini kumsimamisha mzee katikati ya matatu na tuktuk si adabu. Wala usiwapange watu wako kwenye kivuko cha Likoni. Kupiga picha pale kumekatazwa, na askari hatakusikiliza ukimwambia ni picha ya jamaa tu.

Kwa saa mbili asubuhi basi, palibaki Mji wa Kale. Njia zake ni nyembamba na nyumba zake ni ndefu, hivyo asubuhi upande mmoja wa njia huwa juani na upande wa pili kivulini, na ule ukuta wenye jua, ukiwa umepakwa chokaa, huirudisha nuru polepole juu ya uso wa mtu aliyeketi kivulini. Hakuna taa ya studio iliyo bora kuliko hiyo. Ngome ya Yesu iko hapo karibu, ile waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593 na ambayo tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ndani huingiwa kwa ada, na mwenye kamera kubwa yafaa aulize ofisini kwanza. Lakini sikuitaka ngome. Nilitaka baraza, yaani ile sakafu ya mawe iliyoinuliwa mbele ya nyumba za kale, kwa kuwa mtu huketi hapo bila kuinama sana.

Hapa nataka kusema neno kwa wale wanaokwenda Mji wa Kale na kujiegemeza kwenye milango ya watu iliyochongwa nakshi, wakapiga picha na kwenda zao. Mlango ule una mwenyewe. Nyuma yake wamo wanawake ambao pengine hawapendi sura zao zionekane mikononi mwa watu wasiowajua, na hiyo ni haki yao. Mimi nilikwenda siku tatu mbele, saa ile ile, nione nuru inaangukia wapi. Katika kichochoro kimoja kinachotoka Ndia Kuu nikaona baraza iliyonifaa, nikabisha hodi. Akatoka bibi mmoja wa makamo ya mama yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

Nikamweleza haja yangu, na habari ya kitambulisho cha baba pia, ingawa sikukusudia kuisema. Akafikiri kidogo, akasema, "Mlete mamako. Lakini mlango wangu utafungwa, na watu wangu wasionekane pichani." Nikakubali, nikamshukuru.

Vita vya nyumbani vilikuwa juu ya nguo. Mke wangu alikuwa amekwisha nunua kitenge cha sare kwa watu wote, chenye maua makubwa ya rangi ya machungwa, na fundi amekwisha kata. Mama akasema yeye atavaa kanga zake nyekundu alizopewa na baba, au haendi. Kulikuwa na kimya cha siku mbili. Nilimwambia mke wangu kwamba picha hii si ya harusi yetu. Naye, baada ya kuninunia inavyostahili, akawavalisha watoto nguo za rangi moja isiyo na maua, za buluu iliyofifia, na kitenge kikawekwa kwa ajili ya Pasaka. Ikawa bora kuliko sare, maana jicho la mtazamaji humwendea mama kwanza. Kama katika jamaa yako wamo wanaovaa kanzu nyeupe au buibui jeusi, usiwaweke weupe juani na weusi kivulini, kwa kuwa kamera haiwezi kuwatendea haki wote wawili kwa mara moja. Watie wote kivulini.

Na mpiga picha tulikubaliana mapema, kwa maandishi: picha ngapi, za ukubwa gani, na kwamba zitasafishwa karatasini, si kutumwa kwa simu tu. Simu ya ndugu yangu ilianguka majini kivukoni pamoja na picha zote za ubatizo wa binti yake, na hakuna mzamiaji aliyeweza kuzirudisha.

Tukaenda Jumamosi, mwanzo wa mwezi huu. Mama alikuwa amekunywa chai, na watoto wamekula. Tulipofika, tukakuta mto umekwisha tandikwa juu ya baraza, na buli la kahawa liko pembeni. Mwenye nyumba alisimama nyuma ya mpiga picha, akiwa amejifunika, akaanza kuzungumza na mama habari za bei ya samaki. Kijana alikuwa na akili, hakusema, "Bibi, tabasamu." Aliwaacha wazungumze, naye akapiga. Picha iliyo bora kuliko zote ni ile ambayo mama anacheka kwa jambo aliloambiwa na bibi yule, na mpaka leo wote wawili wamekataa kutuambia lilikuwa jambo gani. Kazi yote ilichukua muda wa dakika arobaini.

Picha zilipotoka nilimpelekea mama ile kubwa, ikiwa katika fremu. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza dirishani, akaitazama tena. Kisha akauliza viatu vyake viko wapi. Alikuwa amevaa viatu vipya vya ngozi alivyonunuliwa Krismasi, na mpiga picha alikuwa amemkata magotini. Basi Jumamosi ya pili ya Machi tunarudi, na nimekwisha mwarifu mwenye baraza.