Meno nayo ni afya

Mhariri,

Serikali na madaktari wakivutana kuhusu fedha, sisi wa Kibera na Kawangware ndio tunaobaki tumeshika shavu. Bima ya afya ya NHIF ilipoondoka na SHA kuchukua nafasi yake Oktoba 1, 2024, hospitali ziliachiwa madeni ya mabilioni ya shilingi. Februari 2025, chama cha hospitali za kibinafsi, RUPHA, kikawataka wanachama wake wasimamishe huduma za SHA. Kabla ya hapo, mwaka 2024, chama cha madaktari, KMPDU, ambacho ni cha madaktari wa meno pia, kilikuwa kimegoma kwa siku 56.

Sikatai, daktari ana haki ya kulipwa. Dawa ya ganzi hainunuliwi kwa ahadi. Lakini mtu wa mjengo anatakiwa ailipe SHA angalau shilingi 3,600 kwa mwaka, na akifika kliniki hajui kama bima itamlipia kuziba jino au la. Huishia kung'oa, kwa sababu ndiko mfuko wake unakofika, na jino ambalo lingeokolewa linatupwa. Halafu tunaambiwa watu wa mabanda hatupigi mswaki!

Naiomba SHA, pamoja na baraza linalosimamia madaktari, KMPDC, ibandike orodha kwenye mlango wa kila kliniki iliyosajiliwa, kwa Kiswahili: kazi zipi za meno zinalipiwa, na kwa kiasi gani. Na anayetozwa zaidi apewe nambari ya simu, ile inayopokelewa.

Mkazi wa Gatina,
Kawangware, Nairobi