Kuukimbia Waya si Kujitegemea

Umezuka mtindo miongoni mwa wenye uwezo mijini wa kutandaza paneli za jua juu ya mabati, kujaza betri chumba kizima, kisha kuupa kisogo waya wa TANESCO na kujigamba kwamba sasa wanajitegemea. Wapo hata watumishi wa umma wanaotaka kukopa ili wafanane nao.

Hasira yao ina msingi. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 uliwaumiza wengi, na tarehe 1 Aprili, 2024 Gridi ya Taifa ilizimika ilhali mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere umekwisha kuwashwa. Lakini hasira si hesabu.

Nyumba inayotumia uniti 5 kwa siku, ikijitenga kabisa, huhitaji betri za uniti 10 ili kuvuka siku mbili za mawingu mazito. Kiangazi, betri zikishajaa adhuhuri, umeme wa ziada hupotea bure. Nyumba hiyo hiyo ikibaki kwenye waya, betri ya uniti 2 yatosha kwa taa, redio na feni umeme unapokatika kwa saa chache. Na mvua za masika zinazoficha jua ndizo hizo hizo zinazoujaza mto Rufiji.

Wapo pia wauzaji wanaouza mfumo wa gridi usio na betri, huku wakinyamazia jambo moja: gridi ikizimika, inveta ya aina hiyo nayo hujizima, hata kama jua li utosini, ili umeme usirudi nguzoni ukamwua fundi. Mnunuzi huja kulijua hilo gizani.

Kubwa zaidi ni bei. Kwa viwango vya mwaka 2016, mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alitozwa shilingi 100 kwa uniti. Mteja wa kawaida shilingi 292. Mwaka huo huo malipo ya huduma ya kila mwezi yalifutwa, hivyo gharama za nguzo, nyaya na transfoma zikaingizwa ndani ya uniti zinazonunuliwa. Jumba la Masaki likijitoa, nguzo hazing'oki. Je, tofauti ile italipwa na nani, kama si karani na mwalimu wa Mbagala?

Hayo hayamhusu mwalimu wa kitongoji ambako nguzo haijafika. Huyo paneli na betri ni haki yake, na asingoje. Wanaomhimiza asubiri gridi kwa kawaida husema hivyo wakiwa chini ya taa ya umeme.

Shirika nalo lisijifiche nyuma ya hoja hizi. Mwenye paneli anayetaka kurudisha ziada yake ya adhuhuri kwenye waya apatiwe mita inayohesabu pande zote mbili, bila kuzungushwa kutoka meza hadi meza. Kila wiki anayozungushwa, muuza betri yuko mlangoni kwake na karatasi ya mkopo mkononi.