Vumbi la Kaisho na Vumbi la Mbinguni

Yeyote aliyepata kusafiri kwenda Kaisho wakati wa kiangazi analijua vumbi la barabara ya huko. Huingia katika nguo, katika chakula na hata katika sanduku lililofungwa. Wekundu wake watokana na chuma kilichoshika kutu katika udongo. Akina mama hulifagia asubuhi, nalo jioni limekwisha kurudi. Hata hivyo vumbi hilo lina ukoo mrefu, na leo yafaa tuufuate.

Usiku wa kiangazi, mahali pasipo taa nyingi, huonekana angani utepe uitwao Njia Nyeupe. Hiyo ndiyo galaksi yetu, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, na jua letu ni mojawapo. Katikati ya utepe huo mna mabaka meusi. Zamani wataalamu wengine walidhani kuwa ni matundu yasiyo na nyota. Mwaka 1930 mnajimu Robert Trumpler, aliyefanya kazi Marekani, alithibitisha kwamba baina ya nyota pametanda vumbi lifififishalo nuru. Mabaka yale, basi, si utupu.

Vumbi hilo, laini kama moshi, limefanywa kwa kaboni, oksijeni, silikoni, chuma na vitu vingine ambavyo wanajimu huviita elementi nzito. Ulimwengu ulipoanza haukuwa navyo. Ulikuwa na hidrojeni na heli, na vingine kidogo mno. Vilivyobaki vilipikwa na nyota. Chuma kingi kilitoka katika nyota zilizolipuka. Bati jingi lilitoka katika nyota zilizozeeka na kuvimba. Kwa hiyo bati linalochimbwa Kyerwa, wilaya iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, na chuma walichofua wahunzi wa Karagwe enzi za Mfalme Rumanyika, aliyetembelewa na Speke mwaka 1861, vyote vilikuwapo kabla jua halijazaliwa.

Sasa laja swali. Je, penye elementi nzito nyingi ndipo penye vumbi jingi? Katika galaksi yetu kila kilo 100 hivi za gesi huandamana na kilo moja ya vumbi, na karibu nusu ya elementi nzito imefungwa ndani ya vumbi hilo. Kwa galaksi jirani zenye mikono iliyojipinda mfano wa uji ukorogwao, wataalamu hupima elementi kwa rangi za nuru ya gesi inayong'aa kando ya nyota changa. Vumbi hulipima kwa joto lake hafifu, kama ilivyofanya darubini ya Herschel iliyokuwa angani tangu 2009 na kumaliza kazi 2013.

Chukua galaksi iitwayo M101, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 21 hivi. Katikati yake ni tajiri wa elementi nzito, na kingoni ni maskini. Mtu angetazamia kwamba elementi zikipungua nusu, vumbi nalo lipungue nusu. Sivyo. Kuelekea kingoni vumbi hupungua upesi zaidi kuliko elementi zenyewe.

Sababu inayoelekea kuwa ya kweli ni hii. Nyota hutoa mbegu ya vumbi tu, na mbegu nyingi huharibiwa na mishindo ya nyota zinazolipuka. Vumbi halina budi kukua lenyewe ndani ya mawingu baridi, kila chembe ikinasa elementi zipitazo. Ni kama chama cha ushirika: wanachama wakiwa wengi na karibu karibu, mtaji hukua; wakitawanyika mmoja mmoja, kila mtu hubaki na senti yake mkononi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kwanza haba zikutane.

Jambo hili latuhusu sana, kwa maana dunia ilijengwa kwa chembe kama hizo zilizogandamana. Pasipo vumbi la kutosha si rahisi kupatikana ardhi ya kulima, wala jembe, wala mkulima mwenyewe.

Basi, mzazi, kiangazi kikifika watoe watoto nje usiku kabla ya kulala. Waonyeshe nyota, lakini usisahau kuwaonyesha na yale mabaka meusi. Waambie kwamba humo ndimo zinamotengenezwa ardhi za kesho.